Wifi Aliyeninenepesha

Wifi yangu amekwisha kufa. Nilikwenda kumzika, nikatupa udongo wangu kaburini kama wengine. Lakini kumsamehe sijamsamehe. Watu wakiniambia marehemu hasemwi vibaya, nawajibu kwamba mimi simsemi vibaya, nasema alichonifanyia, na kama alichonifanyia ni kibaya, hilo ni lake.

Ilikuwa enzi ya mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Mimi ni mtu wa Mbulu, wa milimani, watu wa jembe na kanisa. Niliteremka tambarare nikiwa msichana, nikajifunza trekta, halafu kombaini, mashine ile ya kuvunia. Kwenye shamba letu nilikuwa dereva mwanamke peke yangu, na wageni wakija kutoka makao makuu walipitishwa kwangu kwanza, kabla hata ya kuoneshwa ngano. Sikuwa na cheo, sikuwa na nyumba ya matofali, nilikuwa na kiti kile. Nikikaa pale juu naona mlima Hanang wote, na wanaume chini wanainua shingo kuniuliza jambo. Jamani, nilikipenda kiti kile kuliko nilivyompenda mume wangu, na yeye alijua.

Mume wangu alikuwa fundi wa karakana, mtoto wa wafugaji wa palepale tambarare, mmoja wa wachache wa kwao waliopelekwa shule. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki kabla sijaolewa. Aliyebaki mkubwa wa ukoo ni dada yake, ndiye huyo wifi. Aliishi bomani upande wa Dirma, mpakani kabisa na shamba letu, na kila asubuhi alikuja kambini kuuza maziwa. Mwanamke mrefu, mkavu, na sketi yake ya ngozi, hacheki ovyo. Tulizaa watoto wawili, nikawapeleka kwa mama yangu Mbulu wasome.

Basi nikanenepa. Sijui nisemeje, nilinenepa tu, mwaka hadi mwaka, mpaka magoti yakagoma na presha ikapanda nikawa naona nyota mchana. Ngazi ya kombaini ina vipago vya chuma vilivyosimama wima, nami nikawa nasukumwa kwa nyuma na utingo. Wazungu wa shamba, wale wataalamu wa mitambo, hawakutaka kumpoteza dereva wao wa kuoneshwa wageni. Mkubwa wao alikuwa na rafiki daktari bingwa hospitali fulani ya Nairobi, aliyekuwa akipasua watu wanene na kulibana tumbo lao kwa pini za chuma, libaki kichumba kidogo cha kupokea chakula. Nikapelekwa. Nesi mmoja Mkikuyu, Mungu ambariki popote alipo, alinikalisha kabla sijaondoka akaniambia kwa Kiswahili chake cha haraka, "Mama, tumbo hili linazuia ugali. Uji halizuii. Vitu vya kunywa vyenye mafuta vitapita kama maji kwenye mtaro. Kula kigumu, tafuna sana, usinywe ukiwa unakula."

Nilipungua mpaka nguo zikanikimbia. Kufika msimu wa mavuno wa mwaka ule nilipanda ngazi peke yangu, mkono huu, mguu huu, na kambi nzima ikapiga vigelegele. Kovu lilikuwa bado linanivuta, lakini nilivuna msimu wote.

Baada ya mavuno kovu likaingia usaha. Nikaugulia nyumbani. Hapo ndipo wifi alipoingia mlangoni na kibuyu chake.

Kwao mwanamke akijifungua hafanyi kazi. Anakaa ndani miezi, anapewa maziwa, samli, mchuzi wa mafuta, mpaka ang'ae. Mkwe au wifi ndiye anayemlisha, na mzazi akitoka mwembamba ni aibu ya ukoo wa mume, watu watasema wana uchoyo. Sasa wifi akasimama katikati ya chumba, akaangalia bandeji yangu, akatangaza, "Mwanamke aliyepasuliwa tumbo ni mzazi."

Nikamwambia, "Wifi, sikuzaa."

"Kisu kimepita, damu imetoka. Ni mzazi."

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Aa wapi! Akaangalia viatu vyake, akasema, "Kunywa tu. Ni dada yangu mkubwa." Kwa heshima za kwao, na hata za kwetu, chakula cha dada mkubwa wa mume hakikataliwi. Ukikataa umemwita mchawi. Nami nilikuwa mgonjwa, na uji ule, niseme ukweli, ulikuwa mtamu. Uji wa mahindi umepikwa kwa maziwa matupu, samli ya manjano inaelea juu. Asubuhi kibuyu, mchana kibuyu, jioni wifi amekaa kwenye kigoda ananitazama mpaka nimalize. Kovu lilipopona hakuacha. Alisema damu ya kisu hairudi upesi. Nikirudi kazini karakana, maana nje ya msimu madereva tulisafisha mashine, namkuta mlangoni. Ananimiminia, anasimama, anangoja chombo chake.

Unene ukarudi. Haukurudi kwa kunyata, ulirudi kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini. Kwanza mashavu, kisha mikono, kisha magoti yakaanza kulia tena. Nilikwenda zahanati Katesh, mganga akanifunua tumbo, akalitazama kovu kama anayetazama ramani ya nchi ya mbali, akasema yeye tumbo la namna hiyo hajawahi kuliona. Nikaamini pini zimefyatuka. Nililia, tena kwa sauti. Nilidhani nimepasuliwa bure.

Halafu ikaja siku ya kupima magunia ya mbegu. Tulikuwa ghalani, watu wengi, na msimamizi wa mavuno alikuwepo. Huyu alikuwa bwana mdogo kwa umri, aliletwa kutoka mbali, mwenye kofia na filimbi shingoni, kila kitu kwake mzaha isipokuwa yeye mwenyewe. Mizani ilikuwa ile kubwa ya sahani ya chuma. Akaniambia, "Dereva wetu, hebu panda tukupime, tujue kama kombaini itakubeba au wewe utaibeba." Watu wakacheka. Ningekataa wangecheka zaidi, nikapanda. Mshale ukapita gunia la kwanza, ukaenda kulitafuta la pili. Msimamizi akapuliza filimbi yake kama refa. Na katika kicheko kile nilisikia kimoja ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe. Nikageuka. Wifi, na vibuyu vyake mlangoni, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa anacheka mpaka ameshika nguzo.

Msimamizi akasema mbele ya wote, "Sikiliza mama. Mavuno yakianza ukipanda ngazi mwenyewe bila kusukumwa, kiti ni chako. Usipopanda, nina kijana amemaliza chuo. Wewe utashona magunia." Kushona magunia ilikuwa kazi ya wazee na waliovunjika miguu.

Nilirudi nyumbani nikapika ugali. Nilikuwa na hasira, nikataka kula nishibe, potelea mbali, kama ni kunenepa na ninenepe. Tonge la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu likakwama hapa kifuani, macho yakanitoka, nikakimbilia nje nikalirudisha. Nimeshika ukuta, mate yananitoka, ndipo akili ikafunguka. Pini zipo! Tumbo halijaharibika hata kidogo. Ugali linauzuia vilevile kama lilivyouzuia Nairobi. Kinachopita ni kile ambacho nesi alisema kitapita. Si tumbo basi. Ni kibuyu.

Na huyu mwenye kibuyu anacheka.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wifi usiku ule. Nilikula yamini. Nikasema nitamkomesha. Nitapungua, nitapanda ngazi ile, nitaomba kipande cha shamba kilicho mbele ya boma lake, nami nitapita hapo siku nzima kwenda na kurudi, mpaka ale vumbi langu na makapi yangu, mpaka ng'ombe wake wakohoe. Wengine hupungua kwa ajili ya afya. Mimi nilipungua kwa ajili ya kulipiza, na nawaambia kweli, hakuna dawa ya njaa kama hiyo.

Nilirudi kwenye maneno ya nesi neno kwa neno. Maharage yaliyochemshwa, yai, nyama ya kuchemsha isiyo na mafuta, mnavu na mchicha. Kidogo kidogo, natafuna mpaka taya linauma, kijiko nakiweka chini kila tonge. Maji nakunywa mbali na chakula. Uji, togwa, chai ya maziwa, vyote nikavipiga marufuku. Wiki za mwanzo kichwa kilikuwa kinaniuma na nilikuwa mkali kama nyuki, mume wangu akawa anakula karakana. Nilikuwa nikisikia harufu ya samli kwa jirani machozi yananitoka, si kwa huzuni, kwa uchu. Kabla ya kazi nilitembea kutoka kambini hadi ghalani na kurudi, na pale ghalani palikuwa na ngazi ya chuma ya kupandia kwenye tangi la ngano. Nikawa napanda. Kipago kimoja, nateremka. Kesho yake viwili.

Na wifi? Wifi aliendelea kuja. Nikawa nampokea kibuyu kwa mikono miwili, namshukuru, namwambia uji nitaunywa baadaye ukipoa. Kuumwaga sikuumwaga, ulikuwa maziwa, na kwa wafugaji kumwaga maziwa ni kumtukana mtu na ukoo wake wote, nami sikutaka anikamate kwa kosa. Nikawa nawapa walinzi wa lango. Walinzi wale walinenepa, acha kabisa. Mmoja alibadilishiwa sare.

Mara moja nilianguka. Ilikuwa harusi upande wa mume, pombe ya asali ikazunguka, wifi mwenyewe akanishikisha pembe mbele ya wazee. Nikanywa, nikaongeza, nikaongeza tena. Asubuhi yake zamani ningesema basi, nimeshaharibu. Lakini nilimkumbuka pale kwenye nguzo ya ghala, ameinama kwa kicheko. Nikaamka nikachemsha mayai.

Aligundua, bila shaka. Siku moja alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akabonyeza kama anayenunua mbuzi, akasema, "Unakauka." Nikamwambia, "Ni kazi, wifi." Wala hakucheka. Mimi moyoni nilicheza ngoma. Nikadhani anaumia kwa wivu.

Mavuno yakafika. Upepo wa kipupwe wa Hanang unakata, vumbi tupu, ngano imekauka inalia ukipita. Kambi nzima ikaja kuangalia, msimamizi na filimbi yake, na yule kijana wa chuo pembeni amevaa glavu mpya. Nikashika ngazi. Goti la kulia likanichoma kwenye kipago cha tatu, nikaona nyota. Nikajiambia, thubutu! Thubutu kushuka sasa. Nikavuta. Nikaingia kibandani, nikakaa, na kiti kikanitosha pande zote mbili. Waliopiga vigelegele walipiga. Mimi nilimtazama msimamizi tu.

Akauliza nataka kuanzia wapi. Nikamwambia kule mpakani, mbele ya boma. Akashangaa, maana madereva hawakukipenda kipande kile, wafugaji walikuwa wanagombana nao kila mwaka. "Kwa nini kule?"

"Nina ndugu kule," nikasema.

Yesu wangu, asubuhi ile! Nilipita mstari wa kwanza, vumbi likapanda likaenda moja kwa moja bomani. Nikapita wa pili. Nikapiga honi bila sababu. Wifi akatoka. Nikasema moyoni, ndiyo, toka, tazama vizuri. Lakini hakusimama mlangoni kutazama. Alivuka mpaka akaingia ndani ya ngano, akatembea bila haraka, akasimama mbele ya njia yangu, mikono imelegea. Nikapiga honi. Hakusogea. Nikapiga mpaka ndege wakahama. Hakunitazama hata mimi, alikuwa anatazama visu vya mashine, vile vilivyo chini mbele.

Nikasimamisha. Nikashuka, hasira zimenijaa mpaka kooni, kwa sababu nilikuwa nimeyaandaa maneno msimu mzima.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba."

"Umeniona nimepanda?"

"Nimekuona. Nilifanya niwezalo usipande. Umenishinda."

Mtu unamjia na rungu, naye anakupa kichwa. Akanyoosha mguu, akagonga ardhi kwa kisigino. Nikatazama. Mahali pale ngano ilikuwa fupi, na ardhi imeinuka kidogo, mgongo tu, kitu ambacho dereva anakisikia kitini na kukisahau.

"Baba yetu yuko hapa," akasema. "Tulimjengea tuta refu kuliko mimi. Trekta zimelila. Madereva wengine ni wageni, hawamjui, sina neno nao. Wewe umezaa wajukuu wake. Mwaka jana nilikuona umepita juu yake na mashine, na siwezi kuona tena mkono wa nyumba yetu unamkata. Ndiyo maana nilikulisha."

Mume wangu aliponieleza habari za baba yake alipunga mkono kuelekea mashambani, akasema amelala kule. Kule! Hanang yote ni kule. Alikula mshahara wa shamba lile, hakutaka kusema zaidi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia, ungekiacha kiti?"

Hakungoja jibu. Tulijuana. Nilimchukia zaidi wakati ule kuliko siku ya mizani, maana alikuwa ameniharibia mwili kwa makusudi, uji kwa uji, na sasa ananinyang'anya hata kisasi changu. Mimi na yeye hatukumaliza pale. Hatujamaliza hadi leo.

Msimamizi, filimbi mdomoni, alifika kwa Landrova pamoja na yule kijana wa chuo. Hakumsalimia wifi. Sikuwahi kumwona akimsalimia mwanamke yeyote wa bomani, hata bibi kizee, alikuwa anawapita kama vichaka. Akaniuliza kwa nini mashine imesimama. Nikamwambia pana kaburi, nitazunguka, nitaacha kipande kidogo tu. Akasema shamba la serikali halina makaburi. Nikamwambia hili linalo. Akasema, "Kata, au shuka ukashone magunia. Kijana wangu yuko tayari."

Niliitazama ngazi. Nilijua kila kipago kwa maumivu yake. Nilikuwa nimeshinda na njaa msimu mzima kwa ajili ya kufika pale juu, na nilikuwa nimefika, na nilikuwa nimekaa asubuhi moja. Nikapanda tena. Msimamizi akadhani nimekubali, akatabasamu. Nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikateremka polepole, nikampita yeye, nikauweka kwenye kiganja cha wifi.

Wifi aliutia ndani ya sketi yake ya ngozi, akaufunga kwa mshipi, akaketi chini palepale kwenye ngano fupi, akanyoosha miguu.

Msimamizi akanipigia kelele kwamba nimefukuzwa. Nikamwambia nimesikia. Akapiga kelele kwamba nimwambie mwanamke huyo arudishe ufunguo mara moja. Wanaume wa bomani walikuwa wameshatoka na fimbo zao, wamesimama mpakani, na yule kijana wa chuo alikuwa anavua glavu zake taratibu.

"Mwombe mwenyewe," nikamwambia msimamizi. "Lakini mwamkie kwanza. Ni mkubwa wako."

Alitazama fimbo zile. Alivua kofia. Akamsogelea wifi, akainama, akasema, "Shikamoo mama," kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Wifi alikuwa anafuta vumbi kwenye mguu wake. Aliendelea kulifuta, mpaka likaisha, hakuitikia.